Madaftari Kumi na Moja ya Bencel

Gila, mke wa mwanangu, ana moyo safi, na kwa moyo huohuo alinifanyia jambo ambalo hata adui yangu asingelifikiria. Alikuja Alhamisi kunisaidia kusafisha nyumba kabla ya Pasaka yetu, ambayo haitakiwi kukuta hata kombo la mkate ndani. Sikumwomba. Nina miaka sabini na tatu na magoti yananisumbua, lakini makombo ya mkate ndani ya nyumba yangu nayasaka mwenyewe. Akaja na ndoo yake, glavu zake za njano, na ule uchaji Mungu alioupata miaka mitatu iliyopita, ambao bado una harufu ya dukani.

Mimi nilikuwa jikoni nachemsha vijiko ili vifae kwa Pasaka. Yeye nikamwachia chumba cha mbele, kwenye kabati la vitabu, nikijua vitabu havina makombo na hawezi kuniharibia kitu huko. Saa sita akasimama mlangoni anajifuta jasho.

"Mama, vile vitabu vya sala vilivyochakaa nimevipeleka sinagogi. Vimewahi sanduku la mazishi."

"Umefanya vizuri," nikamwambia, na nilimaanisha. Kwetu karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi jalalani. Kitabu kikichanika kinawekwa sandukuni sinagogi, na Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka masanduku yote yanapelekwa makaburini na kuzikwa kwa heshima zote. Nimezaliwa nikaikuta desturi hiyo na sina ugomvi nayo.

Kisha nikaenda kukagua kazi yake. Rafu ya chini ilikuwa tupu, imepanguswa, inanukia siki.

"Gila. Madaftari yako wapi?"

"Madaftari yapi?"

"Ya kijani. Kumi na moja."

"Yale ya baba? Nayo nimeyatia humohumo." Akatabasamu, maskini, akingoja ahsante. "Kila ukurasa una zile herufi tatu juu, Mama. Na yameandikwa yote kwa herufi zetu takatifu. Nikaona si adabu yakae chini karibu na viatu."

Nikatafuta kiti, nikakaa. Vijiko viliendelea kuchemka jikoni bila mtu wa kuviangalia.

Herufi tatu. Zile tunazoandika juu ya kila karatasi, maana yake ni kwa msaada wa Mbinguni. Bencel, mume wangu, alifundishwa kuziandika akiwa na miaka mitano na hakuwahi kuanza ukurasa bila hizo. Mimi vilevile. Naziandika juu ya orodha ya vitu vya kununua. Wiki iliyopita niliziandika juu ya barua ya kumsema fundi bomba. Kama kila karatasi yenye herufi hizo inastahili kaburi, basi nusu ya Johannesburg ingekuwa makaburi ya viazi na vitunguu.

Na hayo maandishi matakatifu wala hayakuwa sala. Yalikuwa Kiyidishi, lugha ya nyumbani ya wazee wetu wa Ulaya, tuliyoitumia kugombana jikoni tangu tuoane, ambayo inaandikwa kwa herufi zilezile za Torati. Gila herufi anazitambua, lugha haijui. Aliona mistari inatoka kulia kwenda kushoto, akaona zile tatu juu, akaamua ameshika kitu kitakatifu. Ukurasa alioufungua huenda ulikuwa unasema supu haina chumvi.

Tulikuwa na duka la madaftari na kalamu mtaa wa Orange Grove kwa miaka thelathini na minane. Sisemi hivi kujisifu, au tuseme najisifu kidogo: ukitaka karatasi isiyopitisha wino upande wa pili, ulikuja kwetu, na ukitaka kalamu yako ya wino irekebishwe ncha, ulikuja kwa Bencel. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Shuleni walimchapa, kwa sababu akiandika Kiingereza kiganja kilipita juu ya wino na kuchafua ukurasa wote. Akiandika Kiyidishi mkono ulitangulia na wino ukabaki nyuma, safi. Alisema Mungu alimtengeneza kwa lugha moja tu. Mimi nilipenda kwanza mwandiko wake, mtu mwenyewe nikamzoea baadaye.

Halafu koo likaugua, na madaktari wakamtoa sauti yote ili wamwachie uhai. Miaka minne alizungumza nami kwa kalamu. Tulichukua dukani madaftari ya jalada la kijani, yale yaliyoshonwa kwa uzi, siyo haya ya gundi yanayopukutika kurasa kabla hujafika katikati. Yeye anaandika, mimi najibu kwa mdomo. Akiamka, akila, akinuna, akinitania, yote yalipita kwenye ile kalamu yake nyeusi nene. Kumi na moja yalijaa. La kumi na mbili hakulianza.

Na alikuwa mharibifu wa karatasi. Anaandika mstari mmoja, anaacha mmoja mtupu. Anaandika, anaacha. Mimi ni mwenye duka. Nione karatasi nzuri inaachwa hivihivi ninyamaze? Nikamsema. Akaandika: "Hiyo utaijaza wewe." Nikamwambia, "Mimi mdomo ninao, Bencel, karatasi ya nini." Akacheka kwa mabega, maana ndiyo namna ya kucheka aliyobakiwa nayo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa sandukuni, yakingoja shimo Jumapili saa mbili asubuhi.

Ijumaa nilifika sinagogi kabla mlango haujafunguliwa. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya vitabu ni Hillel Dorfman. Kamati ina watu watatu, wawili kati yao wamehamia Australia, kwa hiyo Dorfman ni mwenyekiti, ni katibu, na ni kura zote. Alikuwa rafiki wa Bencel. Miaka ishirini walisoma pamoja kila Jumanne, ukurasa mmoja wa sheria, wakizozana sebuleni kwangu na kumaliza vibiskuti vyangu. Sauti ya Bencel ilipokwenda, Dorfman alikuja Jumanne mbili. Ya tatu alikuwa na mafua. Mafua hayo aliyaugua miaka minne.

Nilimkuta anafunga masanduku kwa kamba. Nikamweleza kosa la Gila kwa upole niliouokoteza njiani. Hakuacha kufunga.

"Bi Hessie," akasema, "kilichoingia sandukuni hakitoki."

"Nani amesema?"

"Utaratibu."

"Huo utaratibu una simu? Niupigie."

"Usinifanyie mzaha. Ukiwa na malalamiko, kuna fomu. Kamati itaikalia baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka yatakuwa chini ya udongo."

"Basi fomu itasaidia mwaka ujao."

Akanisukumia fomu. Ilikuwa nakala ya nakala, mistari imepinda, karatasi nyembamba ya kufungia chumvi. Pembeni yake kalamu ya plastiki ya kugawiwa bure, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza asije mtu akaiiba. Miaka thelathini na minane nimewauzia watu hawa kalamu za maana, na sinagogi yao ina kalamu iliyofungwa kama mbuzi. Sikuigusa.

"Hillel, yale ni mazungumzo yangu na mume wangu. Si vitabu vya sala."

"Herufi zipo, kila ukurasa. Nimeangalia."

"Umeangalia nini?"

"Kamati lazima iangalie." Masikio yake yakawa mekundu. "Nimesoma hapa na pale, nikafunga. Na kwa kweli hayana maana yoyote, Bi Hessie. 'Hapana.' 'Siyo lile, la bluu.' 'Mwambie alete ngazi yake.' Maneno nusunusu. Mtu hawezi kusoma kitu kama hicho."

"Hukuandikiwa wewe."

Hapo akaweka mkasi mezani, akaniangalia kwa ile huruma ya wanakamati. "Dada yangu, Bencel amelala mwaka wa sita huu. Maneno yake nayo yaache yakapumzike. Ni heshima kwake. Umekaa nayo vya kutosha."

Vya kutosha. Tangu siku hiyo najiuliza kipimo hicho kinauzwa duka gani. Mtu aliyeshindwa kukaa na mume wangu saa moja kwa wiki ananipimia mimi muda wa kukaa naye. Nilitaka kumwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Badala yake nikaokota mkoba wangu, nikatoka. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo, maana si kawaida yangu kuondoka na neno mdomoni.

Nilipofika nyumbani nikampigia simu Rabi Sher, kiongozi wa sinagogi yetu. Akapokea mkewe. Sabato ya kabla ya Pasaka ndiyo yenye hotuba ndefu kuliko zote za mwaka, na Rabi alikuwa amejifungia nayo tangu asubuhi, haoni mtu. "Isitoshe hayo ni mambo ya kamati, Bi Hessie," akasema. "Zungumza na Bwana Dorfman." Nikamshukuru, kwa sababu nimelelewa, kisha nikaibamiza simu.

Jua likashuka, nikawasha mishumaa, Sabato ikaingia. Tangu hapo mpaka Jumamosi jioni sipigi simu, siendeshi gari, siandiki. Kuna watu wanadhani kutoandika siku moja ni jambo dogo. Kwangu mimi ndiyo sehemu ngumu ya kuwa Myahudi. Nguruwe sijawahi kumtamani. Kila Ijumaa kabla ya mishumaa nafunika kidau changu cha wino na kufuta kalamu, na kila Ijumaa vidole vinaniuliza kwa nini. Ijumaa hiyo vilikuwa na barua nzima tayari, kurasa nne, yote matusi, na ikabidi niimeze pamoja na mkate wa Sabato.

Nikiwa mezani peke yangu ndipo nilipomkumbuka bibi yangu. Alizaliwa Lithuania, kwenye mji ambao sifa yake moja tu aliyozoea kutusimulia ilikuwa matope, na alikuwa na habari ya mjane mmoja wa kwao aliyenyang'anywa nyumba na kila mkubwa akamwambia aende kwa mwingine. Siku ya Sabato, Torati ikiwa imefunguliwa ili isomwe, mjane yule alishuka akaweka mkono juu ya meza, akasema hapasomwi kitu mpaka asikilizwe. Na hapakusomwa. Ilikuwa haki yake. Kila aliyedhulumiwa alikuwa nayo, awe nani. "Torati nzima inamngoja yeye," bibi alisema, akiipiga meza mpaka vikombe vinaruka. Hapa Johannesburg sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Lakini sijasikia pia kwamba imefutwa.

Asubuhi sinagogi ilijaa. Wanawake tunakaa juu, kwenye roshani. Gila alikaa kando yangu, macho yamevimba. Tangu Alhamisi alikuwa ameniomba radhi mara tisa na mimi nilikuwa nimempa mara mbili. Torati, lile gombo la ngozi, ikatolewa, ikazungushwa, ikavuliwa joho lake, ikalazwa mezani. Nikasimama.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Chini."

"Hujisikii vizuri?"

"Najisikia vizuri sana. Nipishe."

Ngazi zile zina vidato kumi na vinne na magoti yangu yalikisikia kila kimoja. Nikapita katikati ya wanaume. Mmoja akanionyesha mlango wa kutokea kwa adabu, akidhani bibi kizee amepotea. Torati ilikuwa imelala wazi, wino wake mweusi umesimama imara juu ya ngozi bila kuvuja popote, na hata katika hasira ile jicho langu la dukani likausifu. Msomaji alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanza. Nikaweka kiganja kwenye ukingo wa meza.

"Nazuia kusoma," nikasema.

Msomaji akaitoa ile pumzi polepole. "Bibi, kuna tatizo?"

"Lipo. Nimedhulumiwa, na hapasomwi kitu hapa mpaka nisikilizwe."

Dorfman akasimama safu ya mbele. "Bi Hessie, ni aibu hii. Mbele ya Torati."

"Mbele yake ndiyo hasa. Nyuma yake nilikuja jana, ukanipa fomu."

Mtu mmoja nyuma akanung'unika kwamba samaki wa chumvi anangoja ukumbini. Mwingine akamwambia anyamaze, hii ina chumvi kuliko samaki. Rabi Sher akaja polepole, karatasi za hotuba yake zimekunjwa mkononi, nene kama godoro la mtoto. Akautazama mkono wangu pale mezani.

"Ana haki," akasema, kwa sauti ya mtu anayetamani nisingekuwa nayo. "Desturi ipo. Sema, bibi."

Nikasema. Nilisema habari ya koo, na kalamu, na madaftari ya uzi, na sanduku, na gari litakaloondoka kesho saa mbili. Gila sikumtaja kwa jina. Nilisema mtu mwema amekosea. Dorfman nilimtaja. Aliposikia jina lake akapaza sauti.

"Rabi, nimeyaona mwenyewe. Hayana kichwa wala miguu. Mtu anaandika 'Mwambie alete ngazi yake.' Nani huyo? Ngazi ya nini?"

"Fundi wa paa," nikasema. "Nilimwambia Bencel fundi anataka kuazima ngazi yetu. Akaandika hivyo kwa sababu mwaka uliotangulia aliirudisha imevunjika. Na 'Siyo lile, la bluu' ni shati, siku ya harusi ya mwanangu. Nilimletea jeupe, akalikataa, akaandika jeupe atavalishwa akifa, hakuna haja ya kulijaribu mapema. 'Hapana' zipo nyingi, niulize ipi. Nazijua zote. Yeye aliandika nusu yake, nusu yangu iko hapa." Nikagonga kichwa changu. "Mkiizika yake, yangu itabaki inajibu hewa."

Hapo ningeweza kuishia, kesi ikawa yangu. Sikuishia. Nilikuwa na kurasa zangu nne za jana bado ziko kooni.

"Na kuna neno jingine umelisoma, Hillel, ukaogopa kulitaja. Liko kila Jumanne. 'Hillel amekuja?' Kila Jumanne, miaka minne. Hilo nalo halina maana? Niwaambie watu nilikuwa namjibu nini?"

Dorfman akashika mgongo wa benchi. Watu wote pale walijua urafiki wao ulivyokuwa, na wengi walijua ulivyoishia, ila hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti. Ningeweza kumwonea huruma. Sikumwonea.

"Nimelisoma," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimesoma na ukurasa wa mwisho. Mstari wa mwisho kabisa wa daftari la mwisho. 'Kaa kidogo.' Huo nao uko nusu. Wewe ulijibu nini, Hessie?"

Hakusema Bi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Hayo hayakuhusu," nikasema. Mkono wangu ulikuwa bado mezani, nikautazama huo badala ya kumtazama yeye.

Rabi Sher akainua karatasi zake kati yetu. "Basi, inatosha. Herufi tatu juu ya ukurasa hazigeuzi ngazi na shati kuwa sala. Madaftari ni ya mjane. Bwana Dorfman, kesho asubuhi kabla gari halijaondoka utampelekea nyumbani, kwa mikono yako." Kisha akanigeukia. "Ila nakuuliza jambo, bibi, na huna haja ya kunijibu. Unasema nusu yako iko kichwani. Siku ukiondoka, nusu ya Bencel itasomwa na nani?"

Nikaondoa mkono. Torati ikasomwa. Nilipanda vidato vile kumi na vinne nikiwa mshindi, na nikiwa na hasira kuliko nilivyoshuka. Nilimkasirikia Rabi kwa swali lake na Dorfman kwa lake. Hotuba ilichukua saa nzima na sikusikia neno. Gila akanishika mkono, nikamwachia aushike.

Dorfman alifika Jumapili saa moja asubuhi, sanduku limekumbatiwa kifuani. Akayapanga mezani mwenyewe, la kwanza mpaka la kumi na moja, kwa mpangilio wake, kwa hiyo nikajua hakusoma hapa na pale. Alisoma yote.

"Ningekuja," akasema. "Sikujua nimwambie nini mtu asiyeweza kujibu."

"Alikuwa anajibu, Hillel. Wewe ndiye uliyeishiwa sauti."

Akaitikia kwa kichwa. Nikampa kibiskuti, cha mwisho kilichobaki kabla ya Pasaka, kigumu, bila chai. Alikila chote amesimama, akakung'uta makombo mkononi asiyaangushe sakafuni kwangu, akaenda kuzika vitabu vyake.

Nikakaa mezani. Nikafunua kidau, nikajaza kalamu, nikafuta ncha. Nikafungua daftari la kwanza. Juu, zile herufi tatu. Chini yake: "Chai imepoa." Chini yake, mstari mtupu. Miaka kumi nimeutazama mstari ule nikaona hasara. Nikaandika, kwa wino wangu wa zambarau, jibu nililompa siku hiyo: "Ipashe mwenyewe, wamekata sauti, mikono unayo." Likaingia lote, wala halikubanana. Nikaandika la pili. Likaingia.

Hiyo utaijaza wewe. Wakati ule nilimkasirikia Bencel kuliko nilivyomkasirikia Dorfman. Mtu ananiachia nafasi miaka minne, kila ukurasa, na ananiacha nimseme kila wiki kwa kuharibu karatasi, na anacheka kwa mabega. Ungeniambia, nikaliambia daftari. Ungenishika mkono ukaniwekea kalamu.

Niliandika kurasa sita. Kisha nikatua kalamu, kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu kwamba nikienda hivi, kwa mpangilio, huenda nisifike mwisho nikiwa hai, na nikagundua kwamba hesabu hiyo ilinifurahisha. Nikalivuta daftari la kumi na moja, nikafungua ukurasa wa mwisho.

Ilikuwa Jumanne ya Januari, wiki ya kufungua shule, wazazi wamepanga foleni nje ya duka wakitaka madaftari na karatasi za kaki za kuyajalidi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nyumbani, funguo za duka mkononi. Aliandika, akanigeuzia daftari nisome. Mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote, haukutetemeka hata kidogo, na mimi ambaye najua kusoma mkono wa mtu kuliko uso wake sikuona chochote. Niliporudi saa saba mchana kalamu ilikuwa sakafuni, haijafunikwa.

"Kaa kidogo." Chini yake mstari mtupu. Ningeweza kuandika ninachotaka. Dorfman hajui, Rabi hajui, Gila hawezi kusoma. Ningeweza kuandika "Nakaa". Ni neno fupi, lingependeza pale.

Nikaandika nililosema: "Sina nafasi sasa hivi, Bencel, watu wananingoja."

Karatasi ile ni nzito, wino wake unachelewa kukauka. Nikakaa mpaka ukakauka.